Anyesi Ajifunza Kujisahihisha

Yotham na mkewe Hana walikuwa na shamba dogo la zabibu Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma. Mwaka 1994 binti yao Anyesi alikuwa darasa la saba. Kila siku alirudi kutoka shule, akachota maji, akala, kisha akakaa uani na daftari la hesabu. Hakuwa mvivu hata kidogo. Lakini katika kila jaribio alipata alama za chini.

Siku moja, wakipogoa mizabibu, Yotham alisema, "Mama Anyesi, shule imemshinda huyu mtoto. Akimaliza darasa la saba aje tu huku shambani."

"Mbona anasoma kila siku? Mimi namwona."

"Anasoma nini, kama hapati?"

Jioni Hana alimchukua Anyesi, wakaenda kwa jirani yao, Mwalimu Anastazia, aliyefundisha shule ya kijiji cha pili.

"Mbukwa, mwalimu," Hana alisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama Anyesi. Karibuni mketi."

"Shikamoo, mwalimu," alisema Anyesi.

"Marahaba, mwanangu."

Hana alieleza shida yao. Mwalimu akafungua daftari, akalisoma taratibu.

"Ukimaliza hesabu zako unafanya nini?"

"Nafunika daftari. Nasubiri mwalimu asahihishe."

"Na zile ulizokosa?"

"Naziacha. Naendelea na nyingine."

"Unafanya kazi nyingi, Anyesi, lakini huitazami," alisema mwalimu. "Kuanzia leo, ukimaliza, rudi kwenye swali la kwanza. Lisome tena. Jiulize, jibu langu linajibu swali hili? Kisha weka alama mwenyewe. Weka vema kama una hakika. Weka kiulizo kama una mashaka. Weka mkasi, ile alama ya kosa, kama hujui. Halafu niletee, tulinganishe."

Anyesi aliweka alama. Lakini aliweka vema kila mahali, na hakumpelekea mwalimu. Yotham aliona vema zile, akafurahi. Mwisho wa mwezi jaribio lilirudi. Alama zilikuwa chini kama zamani.

Yotham aliwaka. "Kumbe unatudanganya!"

Anyesi alilia. Mwalimu Anastazia alisikia, akaja.

"Anyesi, kwa nini uliweka vema hata pale usipojua?"

Msichana alisema kwa sauti ndogo, "Baba angeona mkasi angenigombeza."

Yotham aliinamisha kichwa. Hakutegemea kusikia hivyo.

"Baba Anyesi," alisema mwalimu, "alama hizi si za kukufurahisha wewe. Ni za kumwonyesha mtoto anachojua na asichojua. Ukimgombeza kwa kosa alilolitaja mwenyewe, kesho atalificha. Sasa tutajuaje tumsaidie wapi?"

Yotham aliinua kichwa. "Nimekuelewa, mwalimu." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, weka mkasi pale panapostahili. Sitakugombeza."

Kesho yake ukurasa ulijaa viulizo na mikasi. Yotham aliutazama, akameza maneno yake. Mwalimu yeye alifurahi.

"Sasa tunaweza kufanya kazi," alisema. "Nisomee hili lenye kiulizo."

Anyesi alisoma. "Kikapu kina kilo ishirini za zabibu. Kilo tano zimeoza. Zilizobaki waligawana sawa watu watatu. Kila mmoja alipata kilo ngapi?"

"Wewe uliandika kumi na tano. Kutoa unajua?"

"Najua."

"Kugawanya?"

"Najua."

"Sasa umekosea nini?"

Anyesi alilitazama swali. Ghafla akacheka. "Sikufika mwisho! Nilitoa tu, nikaacha. Jibu ni kilo tano."

Hesabu za sehemu zilikuwa na mikasi mitupu. Hizo kweli hakuzijua. Zamani angesema, "Sijui hesabu." Sasa alimfuata mwalimu wake wa shule, akamwambia, "Mwalimu, sijui kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, zile namba za chini." Mwalimu alijua pa kuanzia. Akamfundisha hizo hizo, mpaka akaelewa.

Mikasi ilipungua polepole. Mingine ilirudi, Anyesi akayarudia maswali hayo. Alama za majaribio zikaanza kupanda.

Siku ya mtihani wa darasa la saba, Anyesi alitoka chumba cha mtihani ametulia. "Mama," alisema alipofika nyumbani, "maswali matatu sikuyajua kabisa. Mengine nimeyapitia tena. Mawili niliyakuta na makosa, nikayasahihisha."

Ikapita miezi ya kusubiri. Yotham hakutulia. Kila aliyetoka mjini alimuuliza kama majina yametoka. Hatimaye majina yalisomwa ofisi ya kijiji. Anyesi alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari.

Yotham alirudi nyumbani mbio, akihema. Alimkuta Anyesi akisugua sufuria. Akampa habari. Hana alipiga vigelegele. Anyesi alitabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Mbona hushangai?" baba yake alimuuliza.

"Nimefurahi sana, baba. Lakini nilipotoka kwenye mtihani nilikuwa najua nilichofanya."

Yotham akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akachukua sufuria ya pili, akaanza kusugua.