Pave Juu ya Mazuku

Héritière alikuwa amewasha makaa na chai ilikuwa inachemka. Vanessa, binti yake wa miaka minne, aliketi kizingitini akimega mkate. Huko langoni mtaimbo wa mume wake ulikuwa ukigonga mawe tangu alfajiri. Ilikuwa siku ya tatu ya kuchimba.

Mume wake, Rémy, alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu. Kila wiki aliteremsha kabichi na viazi kutoka mashamba ya Kibumba hadi mjini. Barabara ile ndefu haikumsumbua. Kilichomsumbua ni hatua kumi na mbili za kwake mwenyewe, kutoka langoni hadi uani. Pale palijaa mawe makali ya volkano, na mwezi ule tairi mbili zilipasukia hapo hapo. Basi akanunua pave, yale matofali ya saruji ya kutandika chini.

"Nitatandika mi mwenyewe," alimwambia mke wake. "Nimeona namna banafanya. Unachimba, unatia mchanga, unapanga, basi."

"Na utachimba mupaka wapi?"

"Mupaka nipate jiwe gumu."

Nyumba yao iko si mbali na Kituku, pale ardhi inapoinama kuelekea ziwani. Nyumba iko juu kidogo, lango liko chini. Jioni ya siku ile ya tatu Rémy aling'oa jiwe kubwa karibu na lango. Chini yake palikuwa na ufa mwembamba, mweusi. Hakuujali. Aliliacha shimo wazi, lenye kina cha kiuno, akaenda kuoga.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na upepo hata kidogo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa. Héritière alitoka kumwaga maji akashangaa kuona ua umenyamaza. Hakusikia kuku wake.

Alimwona Vanessa kwanza. Mtoto alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo, mkono mmoja ameshika mkate, mwingine ameunyoosha chini.

"Mama, bamelala," alisema.

Héritière alitazama. Kuku na vifaranga wake sita walikuwa chini ya shimo. Hapakuwa na damu wala alama ya jino. Walilala tu, midomo wazi. Nzi wawili walikuwa wamekufa kando yao.

Alimnyakua mtoto kwa nguvu hata mkate ukadondoka. Nani ametupa sumu? Au ni uchawi, mkono wa mtu?

"Papa Vanessa, kuja uone."

Rémy alikuja akijifunga mkanda. Alitazama, akakunja uso. "Mutu ametupa kitu humu," alisema. Kabla mke wake hajamjibu, aliruka ndani. Aliinama kumwokota kuku.

Hakuinuka. Magoti yake yalilegea, akapiga goti kama mtu anayesali. Kifua kilipanda na kushuka haraka. Héritière alimweka Vanessa chini nyuma yake, akakunja kitenge ili ashuke.

Mkono ulimshika bega kutoka nyuma.

"Usishuke, mama. Ukishuka mutakuwa babili."

Alikuwa Pascasie, jirani wa nyumba ya tatu. Kazi yake ni kutengeneza pave na kuzitandika, na alikuwa akipita na toroli lake. Alitoa torolini ubao mrefu wa kusawazishia mchanga, akausukuma shimoni mpaka ukamgusa Rémy kifuani.

"Papa Vanessa, simama. Inua kichwa. Shika ubao, simama."

Rémy aliushika. Wanawake wawili walivuta. Alisimama akiyumba, kichwa chake kikatokeza juu ya shimo, akavuta pumzi kwa sauti ya kukwaruza. Wakamtoa kwa kumshika makwapa, wakampandisha hadi juu, mlangoni mwa nyumba. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alitapika. Héritière alimshika kichwa.

"Haiko sumu ya mutu," Pascasie alisema. "Iko mazuku."

Neno hilo Héritière alilijua tangu utotoni, lakini alidhani ni jambo la huko porini, la mbuzi na wachungaji.

"Ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi ya volkano," Pascasie alieleza. "Hauioni. Mara nyingi hauisikii harufu. Ni nzito kuliko hewa yetu, kwa hiyo inalala mahali pa chini kama maji. Asubuhi bila upepo inajaa. Mutoto ni mufupi, inamushika kabla ya mukubwa. Na mukubwa akiinama, ni sawasawa na mutoto."

"Nikiwasha mushumaa, nitajua?" Rémy aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mushumaa ukizimika, kimbia. Lakini ukiwaka, usiseme pako salama. Unaweza kuwaka na hewa ingali mbaya."

Walimpeleka Rémy kituo cha afya. Akakaa huko mpaka saa nane, akarudi na maumivu ya kichwa. Pascasie alikuwa amezungushia shimo kamba na kitambaa chekundu, tena amemwarifu mkuu wa mtaa. Siku ya pili wakaja watu wawili wanaofuatilia habari za volkano. Waliteremsha shimoni kwa kamba chombo chao cha kupima hewa. Kikalia. Wakapima jikoni, chini ya kitanda, kila pembe. Ndani ya nyumba hakikulia.

Hata hivyo Héritière hakutulia. Siku nne alimbeba Vanessa mgongoni, hata akipika, hata akifua. Kila alipotazama lango aliona magoti ya mume wake yakilegea.

Rémy naye aliogopa kwa namna yake. "Tumwage beto, zege nzito, juu," alisema. "Tuzibe kabisa."

"Hapana," Pascasie alisema. "Ukiziba, hewa itatafuta njia ingine. Labda chini ya kitanda chenu. Shimo tulijaze, hewa isipate pa kulala. Ufa tuupe njia ya kupumua. Na pave zinafaa, kwani kati yake ni mchanga, haziko beto moja."

Wapimaji walikubali. Kazi ikaanza, lakini sasa kwa utaratibu. Walingoja jua lipande na upepo uvume. Hakuna aliyefanya kazi peke yake, na hakuna aliyeingia shimoni. Wakiwa wamesimama nje, walitupa mawe makubwa kwanza. Juu ya ufa waliteremsha na kusimamisha bomba refu kando ya ukuta wa lango, mdomo wake juu kuliko paa. Kisha mawe madogo, kisha kokoto.

"Usimwage zote mara moja," Pascasie alimwonya Rémy. "Tabaka moja, ponda mupaka likaze. Tabaka lingine, ponda. Usipoponda, pave zitazama na utapata tena kashimo."

Njia ikapanda juu ya ardhi badala ya kuzama. Pembeni walijenga kingo za mawe na saruji, ili pave zisisambae. Wakavuta uzi, ukishuka sentimita mbili kwa kila mita kuelekea mtaro wa barabarani. Wakatandaza mchanga, unene wa vidole viwili, wakausawazisha kwa ubao, na hakuna aliyeukanyaga. Héritière ndiye aliyepanga pave, moja ikibana nyingine. Mwisho wakafagia mchanga mkavu kwenye nafasi ndogo ndogo, wakashindilia tena.

Wapimaji walirudi asubuhi moja tulivu. Walipitisha chombo juu ya pave, polepole, toka lango hadi mlango. Hakikulia. "Tutarudi kila mwezi," walisema. Rémy aliingiza pikipiki yake na magunia saba ya viazi, haikuruka wala kuyumba. Mvua iliponyesha, maji yalikwenda mtaroni.

Wiki mbili baadaye Héritière alikwenda kwa Séraphine, mwenye duka barabara ya chini. Nyuma ya duka walikuwa wakichimba choo. Aliona vichwa vya vijana wawili tu juu ya udongo, kisha kimoja kikainama na kupotea.

Alitaka kugeuka arudi nyumbani, asione. Lakini alikwenda mpaka mita mbili kutoka ukingoni, akasimama hapo.

"Batoto ya mama," alisema, "mutoke humo kwanza. Mumoja mumoja. Mutoke, halafu nitawaambia kwa nini."

Walimtazama usoni. Yule wa kwanza akaweka beleshi chini na kupanda, kisha akampa mkono mwenzake.