Maziwa Yaliyoua Sisimizi

Kila asubuhi kabla ya shule, Lamisi alifagia ua, akawamwagia kanga mtama, kisha akaosha vyombo. Asubuhi hiyo alikuta kata mlangoni kwa mama yake, aliyejifungua mtoto wa kiume juzi yake. Ndani mlikuwa na maziwa ya njano yaliyoanza kuchacha, na sisimizi watatu wakielea wamekufa.

"Wamekufa wote," alisema bibi yake, ambaye kila mtu alimwita Yaaba. "Tuliwatia kuyapima; wakifa, maziwa ya mama ni machungu, humdhuru mtoto. Mtoto atakunywa dawa mpaka yatakate."

Dawa yenyewe ilikuwa maji ya mizizi, ya kijani, yenye utelezi, yaliyokaa chunguni tangu juzi. Inzi walijaa ukingoni. Yaaba alichovya kidole chenye ugoro, akakitia kinywani mwa mtoto.

Mama yake alikuwa mkekani, matiti yamejaa mpaka yanauma, akiyakamulia chini huku machozi yakimtoka. Mtoto hakulia tena. Midomo ilikuwa imemkauka, na alilala tu.

Lamisi alichukua kata mbili. Moja akaitia dawa, nyingine maji ya kisima. Akatumbukiza sisimizi watatu katika kila moja, akangoja.

"Yaaba, njoo uone."

Wote sita walikuwa wamekufa.

"Unanichezea, wewe mtoto?"

"Sikuchezei. Maji haya tunakunywa kila siku. Nayo ni machungu?"

Yaaba aliinama juu ya zile kata, akawahesabu sisimizi kwa kidole, mmoja mmoja. "Kamwite nesi," alisema.

Nesi Talata alikuja na pikipiki. Alinusa chungu, akakunja uso. "Hii hata mbuzi wangu simpi." Akadondosha maziwa ya mama midomoni mwa mtoto, kidogo kidogo, mpaka akaanza kunyonya. Kisha akawapandisha mama na mtoto kwenye pikipiki, awapeleke kituo cha afya.

"Sisimizi akitumbukia katika maji yoyote atakufa, Yaaba," alisema kabla ya kuondoka. "Hayo maziwa ya njano ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Miezi sita hahitaji kingine, hata maji."

Siku ya tatu mtoto alirudi akipiga kelele za njaa. Yaaba alikuwa ameketi uani, chungu kimevunjika miguuni pake.

"Mwanangu wa kwanza," alimwambia Lamisi, "sisimizi wake walikufa wawili tu. Wakubwa wakasema maziwa yangu ni machungu, nikatii, nikampa dawa. Siku ya sita tukamzika." Alijifuta uso kwa pindo la nguo yake. "Mke wa jirani yetu Adongo atajifungua wiki ijayo. Beba kata zako twende. Lakini atakayesema ni mimi."