Nilikuwa Nataka Unipende

Wiki ya kufungua shule, duka la vitabu lilikuwa halina pa kukanyaga. Wazazi walisukumana mbele ya kaunta, watoto wamebebeshwa madaftari hadi kidevuni, na feni ya darini ilizunguka bila kumpoza mtu. Katikati ya vurugu hiyo mikono miwili ilishika kitabu kimoja, nakala ya mwisho ya majedwali ya vitenzi vya Kifaransa.

Mkono mmoja ulikuwa wa mwalimu wa sekondari, mwanamke mwembamba aliyevaa gauni la buluu iliyokoza, nywele amezibana kwa nyuma kwa kibanio cha shaba. Wanafunzi wake walimwita Madamu, na jina hilo lilikuwa limemfuata mpaka mtaani. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono. Alipofungua kinywa, watu wawili kwenye foleni waligeuka, kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa nzito na laini.

"Samahani, dada yangu. Nimekishika kwanza."

"Umekigusa. Mimi ndiye niliyekishika."

"Basi tukikate katikati. Wewe chukua A mpaka M, mimi nichukue kilichobaki."

Madamu alipiga hesabu ya haraka kichwani. "Yaani mimi nibaki na *aimer*, wewe uondoke na *vouloir*? Mimi nipende, wewe utake?"

"Naona ndivyo tulivyoumbwa," alijibu yule mwanamume, na Madamu akacheka bila kutaka.

Kumbe jamaa kazi yake ilikuwa kutafsiri tamthilia za nje na kuziingizia sauti kwa ajili ya televisheni. Kila mtu pale studio alimwita Sauti. Kifaransa alikuwa nacho cha kutosha, mpaka bosi alipomletea tamthilia ya mabwana wa kale.

"Jana bwana mmoja mwenye wigi alisema *fusse*," alilalamika. "Nimefukua kamusi nzima. Hakuna kitu."

"Hutaiona. Hiyo ni *être*, yaani 'kuwa', katika hali tegemezi ya wakati uliopita. Wafaransa wenyewe hawaitumii tena wakiongea. Imebaki vitabuni na kwa watu wa wigi."

"Basi kitabu chukua wewe. Mimi nipe namba ya simu."

Madamu alimtazama toka viatu mpaka kola. Kisha akampa.

Walianza kukutana baada ya kazi kwenye mkahawa mdogo mkabala na studio, meza ya dirishani, chai mbili na kitabu katikati. Madamu alifundisha kwa kalamu nyekundu na bila huruma.

"Sikiliza. Sisi tunasema 'nataka unipende', na tukirudi nyuma tunasema 'nilitaka unipende'. Hiyo 'unipende' haitikisiki. Kwa Mfaransa wa zamani, ukishasema 'nilitaka', kitenzi kinachofuata nacho lazima kibadilishe nguo. *Je voulais que tu m'aimasses*."

"*Aimasses*," Sauti alirudia taratibu. "Kumbe zamani mapenzi yalikuwa yanapiga chafya."

"Nyamaza, unyambue."

"*Que j'aimasse, que tu aimasses, qu'il aimât, que nous aimassions…* Madamu, hii *aimassions* nisipoangalia nitamtemea mtu mate."

Usiku waliendelea kwenye simu, kila mmoja kajilaza kwake.

"*Que je fusse, que tu fusses, qu'il fut.*"

"Kofia, Sauti. Umesahau kofia juu ya u."

"Kwenye simu unaionaje kofia?"

"Naisikia isipokuwepo."

"Wewe mwanamke ni hatari," alisema, na sauti yake ikashuka kidogo. Madamu akahamisha simu sikio la pili, ingawa la kwanza halikuwa limechoka.

Siku moja, katika kuzungumza mengine, alimfundisha adabu ya dukani. "Ukitaka kitu, usiseme 'nataka'. Sema *je voulais*. Kama sisi tunavyosema 'nilikuwa naomba maji'. Uko palepale, kiu iko palepale, ila umerudi nyuma kidogo kwa heshima."

Sauti aliipenda hiyo kuliko yote. Aliondoka nayo.

Baada ya wiki kadhaa alijifungia studio saa ya chakula, akamwomba fundi mitambo ampishe. Mtu huyu aliyewahi kuwasemea wafalme na majambazi alikuwa anatokwa jasho mbele ya simu yake mwenyewe. Alitaka kusema jambo lake kwa lugha ya Madamu, na kwa heshima ya juu kabisa anayoijua. Akarekodi, akatuma.

Ujumbe ulimkuta Madamu kwenye chumba cha walimu, vidole vimejaa vumbi la chaki. Aliweka simu sikioni huku akitabasamu. *Je voulais que tu m'aimasses.*

Tabasamu likamfutika. Nilikuwa nataka unipende. Nilikuwa. Kila silabi ilikaa mahali pake, kitenzi kimenyambuliwa bila dosari, na maana yake ilikuwa wazi kwamba mambo yamekwisha. Alikuwa amewahi kuachwa na mchumba kwa maneno ya upole hivyohivyo, na alijua upole wa aina hiyo unaelekea wapi. Akaandika: "Nimekuelewa. Asante kwa kuniambia kwa heshima. Nakutakia kila la heri."

Sauti aliposoma "kila la heri" alikaa chini kwenye kiti cha fundi mitambo. Mtu akikutakia kila la heri hajakuambia karibu.

Hakuna aliyepiga simu. Sauti aliona aibu kumsumbua mwanamke aliyekwisha kumkataa kwa ustaarabu, na Madamu aliona aibu kumng'ang'ania mwanamume aliyekwisha kumuaga kwa sarufi safi.

"Muulize tu," alisema dada mkubwa wa Madamu, nesi wa wodi ya wazazi, ambaye walikuwa wanaishi pamoja. "Mdomo unao."

"Dada, wakati uliopita ni wakati uliopita. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako itakuzeesha."

Kulikuwa na shule mji mwingine iliyomwomba kwa muda mrefu akafundishe kwao, na siku zote alikuwa akisema atafikiria. Wiki ile alikubali, akasaini. Mkuu wake wa shule alisikitika, lakini kabla wiki haijaisha alishampata mwalimu wa kushika nafasi yake. Huko studio fundi mitambo alimsimamisha Sauti katikati ya kurekodi. "Kaka, huyu bwana wa wigi ana mafua? Mbona anaongea kama amefiwa?"

Jumamosi alasiri, dada alikuwa sebuleni anakunja nguo mbele ya televisheni, na Madamu anafunga vitabu kwenye maboksi. Tamthilia ya mabwana wa kale ilikuwa imeanza kurushwa. Sauti ile nzito ilijaza chumba, na chini yake, kwa mbali, Kifaransa cha asili kilisikika kikinong'ona. Madamu aliazimia kutosikiliza.

Kwenye kioo, bwana mmoja alisimama mlangoni na kofia mkononi, anamuaga mwanamke. *Je voulais que vous m'aimassiez*, alisema chini kwa chini. Na juu yake Sauti akatamka, kwa uchungu wa kweli: "Nakuomba unipende."

Mwanamke wa kwenye kioo akaangua kilio, akakimbia.

"Sasa huyu naye vipi?" dada alishangaa, soksi mkononi. "Mwanamume wa watu anamwomba ampende, yeye anakimbia na kulia!"

"Kwa sababu hajamwomba!" Madamu alifoka. "Sauti amekosea! Huyo bwana anaaga. Amesema alikuwa anataka, zamani, na sasa basi. Yeye amefasiri kama… kama mtu anayeomba…"

Kitabu alichokishika kikateleza kikaangukia boksini.

"Kama mtu anayeomba nini?" dada aliuliza.

"Maji," Madamu alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu. Nimemfundisha mwenyewe."

Alipiga simu palepale, amesimama kati ya maboksi. Iliita mara moja tu.

"Madamu?"

"Ule ujumbe wako wa *aimasses*. Ulikuwa na maana gani?"

Akajibu polepole: "Nilikuwa nakuomba unipende. Kwa heshima. Si ulinifundisha, nilikuwa naomba maji?"

"Hayo ni maji, Sauti! Mimi nilidhani unaniacha!"

"Nikuache? Mimi nilidhani umenikataa!"

"Na leo nchi nzima imekusikia ukikosea!"

"Basi nipigie mstari mwekundu, lakini usikate simu."

"Uko wapi?"

"Studio."

"Usitoke."

Alikwenda na gauni lake la nyumbani, kanga kiunoni na vumbi la maboksi kwenye nyusi. Studio ilikuwa chumba kidogo kilichotandikwa magodoro ukutani, ambamo hata pumzi ilisikika. Fundi mitambo alipomwona mlangoni alivua vifaa vyake vya masikioni, akakumbuka ghafla kwamba ana njaa, akatoka.

"Nakupenda," Sauti alisema kabla hajakaribishwa kusema. "Si jana, wala si kwa adabu. Nakupenda tu."

"Nami nakupenda, mjinga wewe." Akamshika mikono, kisha akainamisha uso. "Ila nimeshasaini uhamisho. Nafasi yangu amepewa mtu."

Sauti aliuachia mkono wake mmoja. Alimfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba, upande mmoja, kisha wa pili.

"Nimefunga mkataba mpaka tamthilia hii iishe," alisema mwishowe. "Ikiisha nakuja."

"Unakuja kama nani?"

"Kama mumeo. Ukiniruhusu."

Kwenye kile chumba cha magodoro hakukuwa na kelele yoyote ya kumsaidia mtu kujificha. Madamu alitazama mezani, karatasi za bwana wa wigi zimejaa alama nyekundu za mkono wake mwenyewe, kisha akamtazama yeye.

"Njoo," alisema. "Nakuruhusu."

Siku ya safari, Sauti ndiye aliyebeba maboksi yote mpaka kwenye basi. Dada alimsubiri amalize, ndipo akajishika kiuno.

"Wewe ndiye uliyemliza mdogo wangu kwa Kifaransa?"

"Ndiyo, shemeji. Nisamehe."

"Shemeji? Umepewa cheo na nani?"

"Dada!" Madamu aliita kutoka dirishani, kilemba chake cha njano kimekaa upande. "Nimempa mimi."

Dada alijaribu kununa, akashindwa, akampa Sauti leso yake kwa sababu alikuwa anaihitaji kuliko yeye. Basi liliunguruma, likaanza kurudi nyuma taratibu. Simu ya Madamu ikaita mapajani.

"Umefika salama, mpenzi?"

"Sauti, sijatoka hata getini!"

"Najua. Nakuona."

Aligeuka. Alikuwa amesimama pembeni ya dada, simu sikioni, leso mkononi. Madamu alimpungia, hakukata simu, na basi likatoka getini huku bado wanaongea.