Nataka Kuona Tu

"Mzee, mwizi hapiti hapo," Kagwiria, fundi wa kamera, alisema akiwa juu ya ngazi, nyaya amezitundika begani. "Mama amekuambia mabati ya nyuma yamekatwa mara mbili. Kamera iende huko."

"Weka juu ya kaunta," Githae alijibu. "Ione kaunta yote na mlango wa mbele."

"Baba Kui, unalinda nini sasa? Mahindi ama mimi?" Rahab, mkewe, aliuliza akijipangusa unga kwenye leso.

Githae alimwonyesha fundi mahali kwa kidole. Alikuwa karani wa kaunti, amehamishiwa mji wa mbali wa Merti mwezi huo, na duka lao la nafaka hapo mtaani Bulla Pesa lilibaki mikononi mwa Rahab. Kilichomkera si mabati. Ni Doyo, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyefiwa na mke. Kila siku saa nne asubuhi Doyo alimletea Rahab chai ya maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha bluu.

"Iko kamera ingine unaongea nayo hata ukiwa Merti," Kagwiria alisema. "Unasikia na unasikika."

"Sitaki maongezi mimi. Nataka kuona tu."

Ngazi ilipoondolewa, Githae akamwita Doyo mbele ya majirani.

"Apa mguu wako hautakanyaga duka hili tena!"

"Baba Kui! Aibu gani hii unanifanyia?" Rahab alijishika mdomo.

Doyo alimtazama Githae, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Wallahi, sitakanyaga. Na wewe simu yangu usipige."

Wiki tatu Githae alikaa Merti macho kwenye simu, ilikoingia picha ya kamera. Alimwona Rahab akipima maharagwe, akisukuma nywele ndani ya kitambaa, kisha akiinua uso kwenye kamera bila hata tabasamu. Akimpigia, hashiki. Ujumbe ulikuja mmoja tu:

"Umeniona nikila. Sasa unaniuliza nini kama nimekula?"

Ijumaa moja, saa saba na nusu mchana, barabara ilikuwa tupu, watu wako msikitini. Rahab alimimina gunia la mahindi, vumbi likapanda hadi likaficha mizani. Lilipotulia, Githae alimwona ameshika kifua. Pumu! Dawa ya kuvuta ilikuwa nyuma ya mizani, Githae aliiona kabisa. Rahab akanyoosha mkono. Haukufika. Akaanguka nyuma ya kaunta.

"Rahab! Inuka, mama! Dawa iko hapo!"

Alikuwa akiipigia kelele picha. Wenzake ofisini wakageuka. Akampigia simu, akaiona simu ya mkewe ikiwaka juu ya kaunta, ikitetemeka na kusogea kidogo kidogo, hadi ikazima. Akawapigia majirani wawili. Simu zimezimwa, watu wanaswali.

Kivuli kikaingia mlangoni. Doyo! Kanzu nyeupe, kofia, ametoka msikitini mapema. Alisimama nje ya kizingiti, ncha za viatu sawasawa na simenti, hata kidole hakikuvuka. Midomo yake ilisema, "Mama Kui?" Kaunta ilikuwa imemficha Rahab.

"Ingia! Ingia, ndugu yangu!" Githae alilia.

Doyo akangoja. Akaangalia kizingiti, akatikisa kichwa, akageuka.

Githae akaitafuta namba ya Doyo. Mwenyewe alikuwa ameiandika MWIZI. Akapiga. Kwenye picha Doyo alisimama, akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akapiga tena. Doyo akatoka kwenye picha.

Githae akaandika:

"Rahab ameanguka nyuma ya kaunta. Pumu. Dawa iko nyuma ya mizani. Ingia nakuomba. Mimi ndiye nilikosa."

Picha ikaganda, kaduara kakazunguka, kakazunguka. Githae akapiga magoti katikati ya meza za ofisi. Hakuwa na kingine cha kufanya.

Simu ikalia. MWIZI.

"Anapumua," Doyo alisema akihema. "Tuko kwa tuktuk, tunaenda hospitali. Nimekanyaga duka lako."

"Doyo, mimi..."

"Nyamaza. Msikie bibi yako."

Githae akasikia pumzi nyembamba, inapiga filimbi. Ndiyo sauti ya kwanza ya Rahab kuisikia kwa wiki tatu.

Kesho yake alifika hospitali na vumbi la Merti hadi kwenye kope.

"Uliniona nikianguka?" Rahab aliuliza.

"Nilikuona."

"Ukafanya nini, Baba Kui?"



"Nilikuangalia tu."

Rahab alifumba macho. Kisha akatafuta mkono wa mumewe juu ya shuka.

"Basi leo usiniangalie. Keti hapa."

Jumatatu Kagwiria alirudi na ngazi, kamera ikahamia kwenye mabati ya nyuma. Doyo alikuwa amesimama tena nje ya kizingiti na kikombe cha bluu.

"Uliniapisha mbele ya watu," alisema. "Nifungue mbele ya hao hao."

Githae akawaita majirani, uso chini.

"Nilimdhulumu huyu. Na nilimdhulumu mke wangu. Doyo, ingia."

"Songa basi, chai inapoa," Doyo alisema akivuka kizingiti.

Jumanne Githae alirudi Merti. Simu ikamwonyesha mabati, mabati tu. Saa nne ilipofika alijikaza, akashindwa, akapiga. Safari hii Rahab alishika.

"Umekula?"

"Nakunywa chai."

Kilomita zote zile, na haoni kitu.

"Iko na sukari ya kutosha?"

"Iko."

"Mwambie asante."