Rozari kwenye Swichi Kuu

Mbinga nzima hakuna anayeijua kesi hii kuliko mimi. Nilisimuliwa yote na shemeji yangu, ambaye siku hiyo alikuwa Songea.

Fundi Bernadi alikutwa chali pembeni ya kinu cha kukobolea kahawa, mkono wa kulia umevunjika, ovaroli imechanika mpaka kwapani. Alikuwa nyuma ya kinu akibadilisha mkanda, kinu kikawaka. Kama ovaroli ile isingekuwa mbovu kiasi cha kuchanika, kinu kingemvuta mzima mzima. Mkewe alishaomba mara nyingi aigeuze tambara la kudekia.

Inspekta Eunice alipofika, fundi alikuwa ameshapelekwa hospitali, Litembo. Meneja Augustino alimpokea mlangoni.

"Mhalifu tunaye, afande. Wilfred, mwendesha mashine. Kijana wa Lituhi, mgeni hapa."

"Kafanya nini?"

"Kawasha kinu wakati swichi kuu imefungwa kwa kufuli. Fundi kaniambia mwenyewe alipokuwa anapakiwa garini. Ufunguo ni mmoja, huuvaa shingoni. Basi huyu kalivunja."

"Liko wapi?"

"Atakuwa amelitupa."

Eunice alikagua sanduku la swichi. Hapakuwa na mkwaruzo wala rangi iliyobanduka. Kufuli likivunjwa huacha alama, na yeye alilijua hilo vizuri. Mwezi uliopita alilivunja la kabati lake mwenyewe.

Wilfred alikuwa mahabusu, macho mekundu. Huko nje watu walishampa miaka yake ya jela, na wengine walikuwa wanaiongeza.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulivunja kufuli?"

"Hakukuwa na kufuli."

"Fundi anasema lilikuwepo."

Kijana akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Basi mmoja wenu ni mwongo."

"Fundi ni baba yangu hapa mjini. Ugali wake tunakula sahani moja. Siwezi kumwita mwongo."

Mfukoni mwake askari walikuwa wamekuta rozari ya mbao. Eunice akaiweka mezani.

"Wewe wa Lituhi si Mwanglikana? Hii ya nani?"

"Ya fundi. Niliikuta inaning'inia kwenye mkono wa swichi, nikajua kaisahau. Kinu kikiwaka ukuta wote unatetemeka, ingeanguka ikakanyagwa. Nikaitoa kwa mikono miwili, nimtunzie. Kisha nikaita kwamba nawasha. Hakuna aliyejibu."

"Kinu cha pili kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kilikuwa kinanguruma."

"Basi angekusikiaje?"

Wilfred akainamisha kichwa mezani, akalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Eunice aliirudisha rozari kiwandani, akawaonyesha wafanyakazi. Wakamshangaa yeye.

"Hiyo ni alama ya fundi, afande. Ikiwa kwenye swichi, yumo ndani ya mashine. Nani ataigusa?"

"Wilfred mlimwambia?"

Wakatazamana. Wote walikuwa Wakatoliki wa milimani. Haikuwajia akilini kwamba jambo kama hilo huambiwa mtu.

Lakini Eunice alikuwa na swali lake. Aliyekwisha funga kufuli, rozari ananing'iniza ya nini?

Alipita nyumbani kwa fundi kumchukua mkewe, Mama Notburga, ampe lifti mpaka Litembo. Alimkuta anafungia bata, chupa ya uji kwapani. Kwenye mlango wa banda palikuwa na kufuli jekundu, limeandikwa namba kwa rangi nyeupe, namba ile ile iliyoandikwa juu ya swichi kuu. Ufunguo ulitoka kwenye fundo la khanga.

"Shikamoo, mama. Kufuli zuri."

"Marahaba, mwanangu. Kaninunulia mume wangu. Tena kalifuata Songea."

Eunice akamfungulia mlango wa gari.

Hospitalini mama alibaki kwanza nje akizungumza na nesi. Eunice akavuta kiti.

"Shikamoo, baba. Kufuli lako linalinda bata."

Bernadi akajivutia shuka mpaka kidevuni kwa mkono mzima.

"Waliiba bata wawili wa mke wangu. Akalia jioni nzima, na mimi mwanamke yule akilia siwezi hata kumeza. Kufuli nililokuwa nalo ni lile."

"Ukamfungulia kesi ya jela kijana wa watu."

"Niliogopa Augustino ajue kufuli la kiwanda liko kwa bata, anifukuze. Nikadhani Wilfred atakaripiwa tu." Machozi yakamtiririka mpaka sikioni. "Mtoeni. Hana kosa yule. Kosa langu."

"Rozari inamwambia anayekujua, baba. Kufuli linamzuia hata mgeni."

Eunice alipiga simu kituoni. Alipoirudisha mfukoni, Mama Notburga alikuwa amesimama mlangoni na uji wake, na sura yake ilionyesha hakuna neno lililompita.

"Afande, muulize na hili. Lilinunuliwa Songea duka gani?"

"Songea nilifika," fundi akasema.

"Lini?"

Bernadi akafumba macho, akaanza kukoroma polepole.

"Mwache, mama, amelala."

"Eti amelala." Mama akafunika chupa. "Basi uji huu nampelekea Wilfred, na lile paja la bata nililomkaangia."

Mkoromo ukakatika.

"Paja lipi?" akauliza fundi.