Mkalimani wa Mama

Kila asubuhi Zuwena aliteka maji ziwani pamoja na wasichana wa Rumonge, na huko ndiko alikojifunzia Kirundi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Zama hizo Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliotawala Urundi. Baba yake, fundi Asmani, alikuwa amevuka ziwa kutoka upande wa Wabeleji na kuhamia Rumonge kuchonga milango na vitanda. Baada ya miaka miwili tu, Zuwena alizungumza Kirundi kama mzaliwa. Mama yake, Mwanvua, alijua salamu tu. Akitaka kununua mihogo au kuuliza njia, alimwita binti yake.

"Wewe ndiwe ulimi wangu hapa ugenini," alizoea kumwambia, na Zuwena alijiona mtu mkubwa.

Siku moja walialikwa Minago, kijiji kilicho kaskazini kando ya ziwa, kwenye arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wa shangazi Sharifa. Baba alikuwa na kazi, hivyo Mama aliamua kwenda na watoto na kurudi siku hiyo hiyo. Watu walisafiri kwa mtumbwi wa abiria wa mzee Bukuru, uliopita ukichukua watu kijiji kwa kijiji. Alfajiri Mama alipanda, mtoto Kulthumu mgongoni, na Zuwena akamshika mkono mdogo wake Hassani, mwenye miaka mitano.

Hassani hakutulia. Aliuliza kama viboko humeza watu, akainama kuwatafuta, kofia yake ikaanguka majini. Mzee Bukuru aliiopoa kwa kasia, akamvika ikiwa bado inachuruzika maji. Abiria wote wakacheka.

Walipofika Minago, mzee Bukuru alimwambia Zuwena kwa Kirundi, "Mwambie mama yako tutarudi jua likiwa utosini. Likishapinda, upepo wa kusi huamka, na mimi sipeleki watoto wadogo kwenye mawimbi."

Zuwena alijua kwamba wali wa kuku ungepakuliwa baada ya sala ya adhuhuri, na ngoma ingeanza baada ya chakula. Wakiondoka adhuhuri, angekosa vyote viwili.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

"Anasema tutaondoka alasiri."

Uongo ulimtoka kirahisi. Alijiambia kuwa wenye mitumbwi husubiri abiria wao siku zote.

Karamu ilifana. Kivuli cha Zuwena kilipojikunja chini ya miguu, moyo ulimchoma kidogo, lakini wenzake walimvuta kwenye wali, kisha kwenye ngoma, akacheza hata jasho likamtiririka.

Alasiri walimuaga shangazi, wakateremka pwani. Mtumbwi haukuwapo. Ziwa lilikuwa limechafuka, povu jeupe kila mahali. Kulthumu alilia kwa usingizi, na Hassani akakaa mchangani, akisema miguu imekufa.

Askari mmoja wa Wadachi, aliyekuwa akipeleka barua Usumbura, alipumzika kwenye gogo. Mama alimweleza shida yake kwa Kiswahili. "Yule mzee amechukua nauli yetu ya kwenda na kurudi, bwana, kisha ametutupa hapa na watoto hawa."

Askari alikunja uso. "Nitamfikisha bomani. Viboko ishirini na vitano vitamtia adabu."

Zuwena aliwahi kumwona mtu aliyechapwa hivyo, akalala kifudifudi siku nyingi. Alimsogelea Mama ili aseme ukweli.

Kabla hajafumbua kinywa, mzee Bukuru akatokea kwenye njia ya pwani, anatembea upesi, amelowa hadi kiunoni. Askari aliinuka, akamkamata mkono.

"Mimi Kirundi sikijui," alimwambia Zuwena. "Muulize kwa nini amewatupa."

Zuwena aliuliza. Mzee Bukuru alimtazama kwa mshangao. "Nilisema jua likiwa utosini. Niliwangoja mpaka abiria wenzenu wakaninung'unikia. Upepo ulipoanza, niliwapeleka nyuma ya rasi, kwenye maji matulivu. Nimerudi kwa miguu kwa ajili ya hawa watoto. Mwambie bwana huyu. Wewe si ulinisikia?"

"Anasemaje?" askari aliuliza.

Pale pwani hapakuwa na mwingine aliyezijua lugha zote mbili. Neno lolote ambalo Zuwena angelitamka ndilo lingeaminiwa. Alimtazama mzee Bukuru, mkono wake bado umebanwa na askari.

"Hana kosa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Alisema tuondoke adhuhuri. Mimi ndiye niliyemwambia Mama alasiri, kwa kuwa nilitaka karamu na ngoma. Alitungoja. Na sasa amerudi kutuchukua."

Askari aliuachia ule mkono taratibu. "Umeuokoa mgongo wa mtu, binti. Lakini ni wewe uliyeutia hatarini."

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. "Mwombe radhi," alisema. "Kisha mwambie nami naomba radhi, kwa sababu nimemshtaki mtu mwema."

Zuwena alipiga magoti, akayasema yote. Mzee Bukuru alimjibu, naye akatafsiri bila kupunguza hata neno lililomuumiza. "Anasema nilidanganya, na uongo wangu ungemchuna ngozi. Anasema nimeukata kabla haujakomaa, kwa hiyo amesamehe. Anasema twende, watu wanatungoja."

Mzee alimbeba Hassani mabegani, wakatembea mpaka nyuma ya rasi. Zuwena aliwaomba radhi abiria pia. Bibi mmoja alimsogezea nafasi. "Kaa, mwanangu. Hata sisi upepo ulitufunga hapa."

Upepo ulipotulia, walisukuma mtumbwi. Walifika Rumonge maghribi ikiadhiniwa. Baba alikuwa amesimama majini hadi magotini. Aliwapokea watoto mmoja mmoja, akapumua kwa nguvu, akasema, "Alhamdulillahi."

Mama alimweleza kila kitu, kisha akamgeukia Zuwena.

"Sikiliza, mwanangu. Maneno anayobeba mkalimani ni amana ya watu. Ukiyageuza, unawaibia wote wawili, anayesema na anayesikia, na huenda asiye na hatia akaumia. Leo ulikosea, lakini ulipoona mtu ataumia, ulisema kweli ingawa ilikuaibisha. Shika hilo la pili, uache la kwanza. Na mimi pia nina somo langu. Nimekaa kwa watu miaka miwili bila kujifunza lugha yao. Kuanzia kesho utanifundisha."

Zuwena aliitikia kwa kichwa, moyo wake mwepesi kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. Mzee Bukuru alikuwa akigeuza mtumbwi wake. Zuwena alitaka kumshukuru kwa niaba ya mama yake, lakini Mama alimzuia.

"Murakoze, mzee," alisema Mama mwenyewe kwa Kirundi.