Kirusi Katika Ukoo wa Matango

Jumapili ya tatu ya Juni, soko la asubuhi la mji wa Kurashiki, Japani, lilifurika watu kando ya mfereji. Chizuru Moritani, mtafiti wa magonjwa ya mimea, alikuwa amevaa gauni la kitani la buluu lililomkaa sawasawa. Alisimama kwenye meza ya matango, akachukua jani moja, akaligeuza, akalichungulia, akaligeuza tena.

"Dada, unanunua tango au unalichumbia?"

Muuzaji alikuwa kijana mrefu, aproni ya jinzi kiunoni, macho yakicheka.

"Nachunguza kwanza. Siku hizi sura haiaminiki."

"Na yangu je?"

"Yako ndiyo hatari kabisa."

Kensaku Inohara aliangua kicheko mpaka wateja wakageuka. Akamchomekea tango la chumvi kwenye kijiti, akampa pamoja na namba yake ya simu. Tango lilikuwa fupi, lenye vimiba, tamu ajabu. Mbegu zake alizitunza marehemu bibi yake Kensaku kwenye kopo la chai kwa miaka sitini, wala hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Mwezi mzima simu hazikupoa.

"Bibie wa maabara, umekula?"

"Nimekula wali baridi, Bwana Matango."

"Ukiolewa na mimi, wali baridi utausahau."

"Nani kasema naolewa?"

"Huo wali umeniambia!"

Duka moja la mbegu likataka kuzinunua mbegu zile kama majani yatapimwa na kuonekana hayana virusi. Kensaku akampa Chizuru majani. Naye, kwa pupa ya kumfurahisha mpenzi, akayapima harakaharaka jioni moja. Mashine ikaonyesha mstari unaong'aa: kirusi kipo! Angempigia simu, lakini alishindwa kulisema kwa kinywa chake, akajificha nyuma ya barua ya ofisi, yenye muhuri, ikimshauri mkulima ateketeze mimea na mbegu zote.

Simu ikalia Jumamosi.

"Nieleze, Chizuru. Ulikuwa unanipenda mimi, au majani yangu?"

"Ken, nisikilize..."

"'Kwa heshima na taadhima'! Mimi, umeniandikia hivyo! Haya, kesho saa sita mchana nachoma yote, na kopo la bibi ndani yake."

Akakata, na simu akaizima. Chizuru alilia kwa kwikwi. Alimpenda mtu yule, tena sana, na ni yeye Chizuru aliyemvunja moyo kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo jambo moja lilimkera: matango yale yalikuwa na afya tele. Jumapili alfajiri akarudi maabara. Kirusi cha namna ile kina vinasaba vya RNA tu, si DNA, na mashine haiioni RNA mpaka kwanza igeuzwe kuwa DNA kwa kimeng'enya. Kila mtafiti hupima pia sampuli moja bila kimeng'enya, ambayo haipaswi kuonyesha mstari wowote, ili ahakikishe. Yeye, kwa haraka yake, alikuwa ameiruka. Sasa akaipima. Mstari uleule ukang'aa! Alipoiondoa DNA ya tango, mstari ukatoweka: kumbe ulitoka kwenye tango lenyewe, si kwa kirusi hai.

Akapanda baiskeli. Kwao mtu haombi radhi mikono mitupu, kwa hiyo alisimama foleni dakika tano nzima kununua sanduku la kibidango, vitufe vitamu vya unga wa mchele, akiwalaani kimoyomoyo wote waliomtangulia.

Alimkuta Kensaku shambani, nusu ya mimea imeng'olewa na kurundikwa, kopo kwapani, kiberiti mkononi.

"Usiwashe!" Akapiga magoti, akainama mpaka nywele zikagusa udongo, sanduku kalinyoosha mbele. "Kosa ni langu. Matango yako hayaumwi. Kirusi kiliingia enzi za mababu wa mababu wa tango, kipande chake kikabaki kwenye vinasaba vyao. Kinarithiwa tu, kama pua ya ukoo."

Kensaku akashusha kiberiti. "Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?"

"Niliogopa utanichukia."

"Na hii niliyong'oa?"

"Hairudi. Nitapanda nawe upya, kila mstari."

Kiberiti kikarudi mfukoni. Kensaku akafungua sanduku, akatafuna kimoja taratibu.

"Kumbe kirusi kimejiandikisha kwenye ukoo wa watu bila barua wala muhuri, hata mama mkwe hakijamwamkia!"

Chizuru akacheka huku machozi yakimtiririka. "Mimi nataka kuingia kwa adabu. Ofisi ya mji inapokea fomu za ndoa hata Jumapili."

"Ee! Unaniposa, Daktari?"

"Nakuposa. Nakupenda, Ken. Jibu basi, magoti yanalowa."

Kensaku akamwinua, akamkumbatia na matope yake yote. Kisha akageukia shamba la mpunga la jirani, akapaza sauti: "Mzee Tokuda! Njoo na mkeo, tunahitaji mashahidi wawili!"

"Kwani mmegombana?" mzee akauliza, akiacha jembe.

"Tumeshamaliza!" Chizuru akamjibu. "Sasa tunaoana!"